Shangazi Aliyekataa Kweli

Hakuwa shangazi wa mtu. Hilo nilitoe mapema, maana baadaye watu walilifanya kosa: eti mwanamke asiye na ndugu hata mmoja katika ua ule alijipa cheo cha shangazi, akaenda kuharibu harusi ya mtoto wa watu. Hakujipa. Sisi wapangaji ndio tuliompa, na kama kuna mwenye kesi na aje kwetu.

Alizaliwa wapi na kwa nani, sitasema. Kila aliyemuuliza alipewa jibu lake. Mimi aliniambia babu yake alikuja Rwanda na msafara wa biashara kutoka pwani. Rafiki yangu Kevine aliambiwa kwamba si babu, ni bibi, na tena hakuja na msafara wowote, aliutoroka. Nilipomuuliza lipi ndilo la kweli akanitazama juu ya miwani yake. "Mwanangu, unatafuta mtu au unatafuta kitambulisho?"

Alikuwa fundi cherehani. Chumba cha mbele, kile kilichotazama barabara ya mawe, ndicho kilikuwa duka lake, na sisi wapangaji tulikaa vyumba vya nyuma: mimi, Kevine aliyesuka nywele saluni, na Solange aliyefanya kazi kwenye duka la dawa. Alishona akiipa barabara mgongo. Watu walimsalimia mgongo huo na mgongo ukawajibu kwa majina yao, kwa sababu alijua kila mtu anavyoburuta viatu. Mdomoni alikuwa na pini daima. Aliweza kuongea nazo, kucheka nazo, hata kukusengenya nazo. Ila akizitoa na kuzichomeka kwenye mto wake mdogo, ujue umekwisha, na ni bora ukumbuke una maji jikoni yanachemka.

Kazi yake kubwa ilikuwa mishanana, lile vazi la kufunga begani ambalo wanawake wa huku huvaa harusini. Desemba ni msimu wa harusi Kigali, kwa hiyo Desemba alikuwa malkia. Magari yaliegeshwa hadi kwenye kona, wasichana wakaingia na vitambaa, wakatoka na machozi, maana hakuwa na simile. Mmoja alitaka mkunjo wa kiuno uhamishwe ili aonekane mwembamba. Shangazi akamwambia, "Kitambaa mimi nitahamisha. Kiuno ni kazi ya mama yako." Kevine naye kila siku alikuwa na haraka.

"Shangazi, mimi iko na haraka sana. Nguo iko tayari?"

"Haraka iko yako, nguo iko yangu. Kaa."

Ajabu ni kwamba mwanamke huyu aliyevalisha maharusi wa nusu ya Kicukiro hakwenda harusini. Kadi zilikuja, akazipanga dirishani, akabaki na cherehani yake. Ukimuuliza anasema, "Nguo yangu imehudhuria, inatosha." Wengine walidai ni kwa sababu hakuzaa. Wengine walidai ana kinyongo cha zamani na mume. Mume alikuwa naye kweli, alikufa kabla sijahamia, na picha yake ilikaa ukutani akiwa amevaa kofia ya kiua, uso mpole kabisa wa mtu aliyezoea kushindwa hoja ndani ya nyumba yake.

Kitu alichokichukia duniani kuliko panya na kuliko mafundi wanaotumia gundi kwenye pindo ni huruma. Siku nilipoachishwa kazi yangu ya kwanza, ofisi moja kule Kimihurura, nilirudi nimevimba macho, nikakuta Solange na Kevine wameketi naye. Kevine alipoanza kusema "disi, disi," ambavyo kwa Kinyarwanda ni kama kumwambia mtu maskini wee, Shangazi alimkata. "Huruma ziache pale nje, karibu na viatu. Humu ndani tunataka kujua kesho anafanya nini." Kisha akanipa shati la mtu nifungue mshono, na nilifungua mshono mpaka jioni huku nikimchukia. Asubuhi nilikwenda kutafuta kazi, na nilikuwa bado namchukia.

Alikuwa Mwislamu wa kufunga Ramadhani yote na Shawwal juu yake. Noheli ilipokaribia alitangaza kila asubuhi kwamba Noheli si yake. Makelele ya spika hayakuwa yake, taa za kumetameta hazikuwa zake, na mti wa plastiki ambao Kevine aliusimamisha uani aliuita ule ufagio. Lakini ole wako ukose kupita kumpa mkono wa sikukuu. Alinuna mpaka Bonane, yaani Mwaka Mpya, na akinuna cherehani yake nayo ilinuna, nguo yako ikakaa chini ya rundo. Tulimwambia, "Shangazi, si ulisema Noheli si yako?" Akajibu, "Noheli si yangu. Adabu ni yangu."

Sasa niseme kuhusu swali, kwa sababu bila swali hili hutaelewa kwa nini tulimpenda mtu mgumu namna ile. Kigali ikifika Desemba kuna swali moja tu: Noheli utaenda wapi? Bosi anauliza, dereva wa pikipiki anauliza, muuza ndizi anauliza akikufungia mfuko. Mji mzima unafunga virago. Kila mtu ana kilima chake, ana mama anayemsubiri na maharage jikoni, na asiye na kilima anaonekana kama amefanya jambo baya.

Solange hakuwa na kilima. Mama yake alifariki Solange akiwa shule ya bweni, na baba yake hakumjua, hata jina. Mama aliondoka nalo. Basi kila Desemba Solange alikuwa na jibu: anakwenda Nyagatare kwa babu. Alilisema vizuri, na ng'ombe wa babu aliwataja. Mimi na Kevine tulimwamini. Mimi nilikwenda zangu Karagwe, ng'ambo ya mpaka, ambako wazazi wangu walibaki baada ya wenzao kurudi Rwanda, na Kevine alikwenda kwao Huye. Ua ukabaki mtupu.

Mwaka mmoja, asubuhi ya Noheli yenyewe, Shangazi alitoka kuchota maji akamkuta Solange bombani na ndoo, amejifunika kitenge kichwani kama mwizi.

"Nyagatare wamekuletea hapa bombani?"

"Gari ilikosa, Shangazi."

"Na mwaka jana? Ilikosa pia?"

Solange akavuta kitenge mbele zaidi. Ni yeye mwenyewe aliyetuhadithia baadaye, na alisema alisubiri lile disi ambalo angelisikia kwa mtu mwingine yeyote. Halikuja. Shangazi alisema, "Leta hiyo ndoo. Nina viazi vya kumenya na sina mikono." Wakamenya viazi. Wakala pilau ya kuku Noheli ambayo si yake. Hakumuuliza kuhusu babu wala ng'ombe wa babu, siku hiyo wala siku nyingine.

Sisi tuliporudi Januari tukakuta amri. Alitukusanya mlangoni, akatoa pini mdomoni. "Kuanzia leo, ndani ya ua huu mtu asimuulize mwenzake Noheli anaenda wapi. Anayekwenda aende na mizigo yake. Anayebaki hajapotea, amebaki." Desemba iliyofuata Kevine alibaki kwa hiari. Mimi nilikwenda Karagwe siku chache tu nikarudi kabla ya Bonane. Marafiki wa Kevine wa saluni wakasikia, nao wakaja. Yule mwanamke aliyelaani spika alikaa katikati ya ua akichagua miziki. Ukiniuliza ujana wangu wa mjini ulikuwaje, sitakuambia juu ya vilabu vya Kimihurura, ingawa huko nako tulifika na viatu vya kuazimana. Nitakuambia juu ya ua ule na zile siku kati ya Noheli na Bonane, mji umetulia, mitaa ni yetu, na Shangazi anagombana na Kevine kuhusu kiasi cha chumvi.

Halafu akaja Patrick. Sitamsema vibaya, maana watu wanapenda nimseme vibaya. Alikuwa kijana mpole, mwenye kazi nzuri ya bima, aliyekuja na mishikaki iliyofungwa kwenye karatasi, akaketi kwenye jiwe la kufulia akacheka na sisi. Alimpenda Solange na ilionekana. Shangazi alimpima kwa macho, akamshonea suruali, akasema mapaja yake ni ya mtu asiyetembea kwa miguu. Hilo kwake lilikuwa karibu na sifa.

Walikubaliana kuoana, na familia ya Patrick ikataka gusaba, sherehe ya kuja kuomba binti, ifanywe siku kati ya Noheli na Bonane wakati ndugu zao wote wako likizo. Hapo ndipo Solange alipokuja mlangoni kwa Shangazi, mimi nikiwa nafunga vifungo vya blauzi ndani ya duka. Alihitaji familia. Mjini hapa familia hupatikana. Kanisani kwake walimpa mzee wa kumsemea, wanakwaya wakakubali kuwa wajomba na binamu, na mama wa duka la dawa akakubali kuwa mama. Lilibaki pengo la shangazi, dada wa baba, ambaye kwa desturi ya huku ndiye anayeulizwa kama binti ameridhika.

"Mimi siendi harusini," alisema Shangazi kwa mgongo.

"Si harusi. Ni mimi."

Cherehani iliendelea kidogo, kisha ikasimama. "Nitakaa kiti cha mbele," akasema. "Na sitakunywa soda ya moto."

Kwa asiyejua, gusaba huanza kwa kukataa. Mahema mawili yanatazamana, upande wa kijana na upande wa binti, na kila upande una mzee wake mwenye maikrofoni. Wazee hao hushindana kwa maneno. Wa binti anasema hapa hatuna binti wa namna hiyo, mmepotea njia. Wa kijana anasema tumemwona kwa macho yetu akichota maji. Wa binti anasema huyo tayari kaposwa. Watu wanavunjika mbavu. Mara nyingi shangazi naye husimama, anasema nina kinyongo, sitoi mtu, na upande wa kijana unamletea kitenge na soda, naye anatabasamu, makofi yanapigwa. Kila mtu anajua mchezo unavyoisha. Binti mwenyewe anakaa ndani ya nyumba na wenzake mpaka akubaliwe, ndipo anatoka.

Kwa hiyo mimi na Kevine tulikuwa chumbani na Solange, mahema yakiwa nje uani kwetu, tukisikia yote kwa spika. Alikuwa amevaa mushanana wa rangi ya maziwa ambao Shangazi aliushona kwa mkono, si kwa cherehani, na hakutuambia kwa nini. Yote yalisemwa kwa Kinyarwanda. Mimi nayaweka hapa kwa Kiswahili. Mzee wa upande wa Patrick alikuwa hodari. Hata sisi ndani tulicheka. Alisifu ng'ombe waliowaleta, akasifu pembe zao, kisha sauti yake ikawa ya mtu aliyechanganyikiwa.

"Lakini mzee mwenzangu, nisaidie. Njia nzima nimeuliza, zizi la baba wa binti huyu liko wapi? Hakuna anayelijua. Sasa ng'ombe wetu hawa tuwafunge wapi, kwenye nguzo ya umeme?"

Kicheko kilikuwa kikubwa. Mbaya zaidi kilitoka mahema yote mawili. Mzee wetu, yule wa kanisani, naye alicheka, akajibu kwamba mjini hapa hata nguzo ina mwenyewe, na watu wakacheka tena. Kevine alikuwa akimtengenezea Solange shanga za kichwani, mikono ikamsimama hewani. Solange alitazama ukuta.

Halafu tukasikia maikrofoni ikikwaruza na sauti tuliyoijua. "Mimi ni shangazi. Hatutoi."

Makofi. Vigelegele. Mtu akapiga kelele, "Shangazi ameamka!" Nilichungulia pembeni ya pazia nikaona mama mmoja wa upande wa Patrick anakuja akicheza, kitenge kipya kimekunjwa kwenye sinia, na nyuma yake mwingine ameshika chupa ya Fanta. Shangazi alikuwa amesimama wima kwenye gauni lake la kijani, mtandio kichwani. Hakupokea.

"Nimesema hatutoi. Mimi sichezi."

Wakazidi kucheka. Walisema shangazi huyu ni fundi kweli, wamewahi kuona mashangazi lakini huyu ni zaidi. Wakaongeza kitenge cha pili juu ya sinia. Mzee wa upande wa Patrick akapiga goti kwa mbwembwe, mkono kifuani, na mpiga picha akakimbia mbele. Kadiri alivyokataa ndivyo walivyofurahi. Sijawahi kuona mtu akisema ukweli mbele ya watu wengi namna ile na asisikike na hata mmoja.

Shangazi akaweka maikrofoni kwenye kiti, akatuingilia chumbani, akafunga mlango. Alimsogelea Solange mpaka karibu.

"Umesikia yule mzee?"

"Nimesikia."

"Mimi nimekataa. Wao wanafikiri ni mchezo, na hiyo ni bahati yako, kwa sababu mlango bado uko wazi. Nikitoka hapa nikicheka, basi ulikuwa mchezo, nachukua kitenge chao, na leo unaolewa. Nikitoka hivi nilivyo, imekwisha. Ni wewe unayesema. Si mimi, si hawa."

"Sha, Solange," Kevine alisema, machozi tayari, "ni utani tu. Ni desturi. Watu wote hawa, chakula hiki... Usiharibu."

Halikuwa langu la kujibu.

Solange aliuliza kitu kimoja. "Patrick amecheka?"

"Alicheka. Halafu akaona ninamwangalia, akaacha."

Nilitamani amwambie uongo. Shangazi alingoja tu, mikono imeshikana tumboni, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba anaogopa. Kama Solange angesema cheka, angecheka, ningeapa angecheka vizuri mbele ya wale watu, na kitu fulani ndani yake kingekufa. Lakini angefanya.

"Mwulize," Solange alisema. "Yeye, si mzee wake. Mwulize ng'ombe wanaingia kwa nani. Akisimama akasema chochote, cheka."

Shangazi akatoka. Nilifungua pazia lote, sikujali nani ananiona. Akachukua maikrofoni, akasema binti ana swali, na linajibiwa na kijana mwenyewe. Hema la pili likachangamka, huo ulikuwa mtindo mpya. Akamgeukia Patrick aliyeketi katikati ya wenzake kwenye suti ya bluu. "Ng'ombe hawa wanaingia kwa nani?"

Patrick aliinuka nusu. Nitamtendea haki, aliinuka. Kisha akamtazama baba yake, na baba akatikisa kichwa kidogo tu, kwa sababu katika gusaba kijana hasemi, ana mzee wa kumsemea. Patrick akaketi. Mzee wake akaichangamkia nafasi hiyo. "Shangazi, kijana leo hana ulimi, ulimi wake ni mimi!"

Walicheka, ila si wote. Shangazi alingoja kicheko kiishe chenyewe, kama mtu anayengoja lori lipite ndipo avuke.

"Chakula kipo," alisema. "Kuleni mshibe. Mke hakuna."

Nadhani ni utulivu wa sauti yake uliowafikia. Mama wa sinia alirudi nyuma polepole. Mzee wetu wa kanisani alikimbilia maikrofoni kusema ni mzaha, na Shangazi akamshika mkono mbele ya watu wote. "Wewe ulicheka. Kaa chini." Akakaa. Hapo ndipo zogo lilipoanza, sitalieleza lote. Waliita wazee wa mtaa. Walisema mwanamke huyu ni nani, ana undugu gani na binti. Aliwajibu, "Huo undugu mlinipa nyinyi mlipokuja kuniomba mtu." Wengine upande ule waliondoka kwa hasira. Wengine walikula kwanza, tena wakafungasha.

Walipokwisha kuondoka Solange alitoka nje na mushanana wake, akaenda kukaa kwenye hema la upande wa kijana, kiti kilekile cha Patrick, akaomba sahani. Alilia huku anakula, na alikula yote. Mpiga muziki alikuwa amekwisha kulipwa, akauliza afungue au apakie vyombo. Kevine, aliyekuwa amelia kuliko sote, akamwambia, "Weka muziki, wewe! Nani amekufa hapa?" Tukacheza mpaka jua likazama, sisi wa uani na wasichana wa saluni na wanakwaya wachache wenye moyo. Shangazi hakucheza. Alikaa na Fanta aliyoiacha ipoe kwenye ndoo ya maji.

Walimsema. Mwaka mzima walimsema Niboye yote, mtaa wetu. Hakuzaa, wakasema, ndiyo maana haoni uchungu kuvunja nyumba ya mwenzake. Mchawi, wakasema pia. Wateja walipungua, na Desemba iliyofuata hakuna gari lililoegeshwa hadi kwenye kona. Alichofanya ni kugeuza cherehani. Yeye aliyeshona siku zote akiipa barabara mgongo, sasa aliitazama barabara, uso kwa uso, na kila aliyepita alimsalimia kwanza kwa jina lake kamili, kwa sauti, mpaka mtu akaona aibu kutojibu. Nilimuuliza kama anajuta. Akatoa pini. "Nijute nini? Nguo ile nilishona kwa mkono. Ilikuwa ya mtu wa kutolewa kwa heshima. Heshima haikuja, nguo imerudi nyumbani."

Patrick alipiga simu kwa wiki kadhaa. Solange aliipokea simu mara moja tu, akamwambia aje kusema pale uani, mbele ya walewale waliocheka. Hakuja. Ameoa, nasikia ana furaha, na mimi sina neno naye. Nina neno na wale wanaosema Solange alipoteza bahati. Wamwangalie leo na duka lake mwenyewe la dawa, halafu waje waniambie alipoteza nini.

Macho ya Shangazi ndiyo yaliyomshinda. Uzi haukuingia tena kwenye sindano, akatukataza kumtungia, na siku moja akatuambia anahamia Rwamagana, kwenye nyumba ndogo aliyoachiwa na marehemu mumewe. Hakutaka kusindikizwa. Kevine alimsindikiza kwa nguvu, wakagombana njia nzima.

Desemba iliyopita nilikuwa nakwenda Karagwe, na njia ni hiyohiyo ya Rwamagana. Solange akasema tutakwenda wote, yeye ataishia kwa Shangazi. Nyabugogo, kituo cha mabasi, ilikuwa vile Nyabugogo inavyokuwa Noheli, watu na magodoro na kuku, wapakiaji wanapiga kelele, foleni haina kichwa wala mkia. Solange alikuwa na mchele, sukari, mafuta, kitenge kipya, dawa za macho, na hasira ya kila mtu anayesafiri siku hizo. Alimsukuma mwanamume mmoja aliyetaka kumwingilia mbele, akamwambia, "Na mimi nakwenda kwetu, unafikiri wewe pekee uko na kwenu?" Nilimtazama. Sijui kama alijisikia alivyosema.

Tulimkuta Shangazi nje ya mlango kwenye mkeka, amekonda, mtandio mweupe, macho yana ukungu. Alitujua kwa viatu. "Mmechelewa," alisema, ingawa hatukumwambia tunakuja. Kisha akalalamika kwamba Noheli si yake na haoni kwa nini watu wanamletea mchele. Mikono yake ilipapasa mifuko yote mpaka akakipata kitenge, akaupima upindo wake kwa vidole, akatoa kasoro.

Jirani yake, mama mmoja mnene mwenye sauti ya sokoni, alikuwa anaanika maharage ng'ambo ya ua. Akasogea kutuona vizuri.

"Shangazi, leo uko na wageni?"

Hata huko walikuwa wanamwita hivyo.

"Wageni gani?" Shangazi alisema. "Huyu mwembamba anapita tu, anakwenda kwao Tanzania. Huyu mwingine amekuja nyumbani. Ni binti wa kaka yangu."

Solange alikuwa ameinama kushika gunia la mchele. Akabaki ameinama.

"Wa kaka yako!" Mama yule akafurahi. "Hukusema uko na kaka. Yuko wapi?"

"Amekufa zamani. Mkaidi yule, kunizidi mimi."

Alisema bila kupepesa, kwa sauti ileile aliyokuwa akitupa babu wa msafara na bibi aliyetoroka. Jirani alimzunguka Solange, akamwinua kidevu kama anavyopima nyanya, akamtazama, akamtazama Shangazi, akarudi kwake.

"Wanafanana, kweli. Pua hii ni yako kabisa."

"Si yangu," Shangazi alimkatalia. "Pua ni ya baba yake."

Wakaanza kubishana juu ya hilo, jirani akishikilia lake na Shangazi akishikilia lake. Solange aliacha gunia palepale, akasimama kati yao, akainua mkono taratibu akaigusa pua yake.